Fundi wa Nusu Milimita

Jino halisogezwi kwa nguvu. Likisukumwa sana, damu hubanwa katika utando mwembamba unaolishikilia kwenye taya, mfupa hugoma, na mwezi huisha jino liko palepale huku mwenyewe akikesha kwa maumivu. Likisukumwa kidogo tu, gramu 25 hadi 40, pungufu ya uzito wa yai la kuku, chembe za mwili huanza kuula mfupa ulio mbele ya jino, na nyuma yake hujengwa mfupa mpya. Mwendo ni milimita moja hivi kwa mwezi. Kunyoosha meno ni kukijua hicho kidogo.

Kisumu, daktari wa meno bado anajulikana zaidi kwa kung'oa. Mtu huvumilia gego bovu hadi shavu livimbe, ndipo apande bodaboda kwenda Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia kwa kuwa Wasovieti ndio walioijenga, ikafunguliwa 1969. Sina neno na wang'oaji. Ila anayenivutia mimi ni fundi wa maabara ya meno, yule wa chumba cha nyuma chenye vumbi la plasta, ambaye huenda mgonjwa asimwone hata siku moja.

Kwake hufika kwanza chapa ya mdomo. Daktari amekoroga unga wa aljineti, utokanao na mwani wa bahari, akaujaza kwenye trei, na mtoto ameuma dakika mbili tatu akipumua kwa pua. Fundi humimina plasta humo polepole, akiigonga trei mezani ili mapovu yapande juu. Povu moja likinasa penye gego, kila kitakachojengwa juu yake kitayumba.

Kisha waya. Kishikizo kinachotumika sana kulishika bamba la kunyooshea meno alikibuni daktari wa meno C. P. Adams karibu na mwaka 1950: waya mmoja wa chuma kisichoshika kutu, unene milimita 0.7, uliokunjwa ukatoa ncha mbili zinazoingia chini ya uvimbe wa gego, karibu na ufizi. Kukichora ni rahisi. Kukikunja ndiko kunakotenganisha fundi na mwanagenzi. Koleo hushika tu. Kinachokunja ni kidole gumba. Na kila pembe hukunjwa mara moja, kwa sababu waya uliokunjwa, ukanyooshwa, ukakunjwa tena pahala palepale, umekwisha kuchoka, na utakatikia mdomoni mwa mtoto. Kwa hiyo fundi hodari hutazama sana kabla ya kugusa. Ukimwona ameganda na koleo hewani, usidhani amesahau anachofanya.

Springi inayosukuma jino ni nyembamba zaidi, nusu milimita. Hapa ndipo kile kidogo kinapotengenezwa. Waya ukirefushwa mara mbili, ukaidi wake hupungua mara nane. Ukipunguzwa unene kwa nusu, hupungua mara kumi na sita. Mdomo wa mtoto hauna nafasi ya waya mrefu, basi fundi huuzungusha duara moja dogo karibu na mzizi wake, urefu ukajificha humo. Baadaye mama aliyevuka kwa feri kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, akapanda matatu hadi mjini, humwomba daktari: "Si ukaze kidogo, daktari, tumalize mapema?" Kuhusu nauli, namwelewa. Jibu, hata hivyo, limo ndani ya lile duara.

Mwisho huja akriliki, bamba la rangi aliyoichagua mtoto, linalopigwa msasa hadi ulimi usilalamike. Bamba hili lina mipaka yake: huinamisha jino, halisogezi mzizi wake, na meno yaliyojipinda vibaya yatahitaji waya za kubandikwa. Mwanya nao ni shauri la familia, kwani wapo wanaokuja kunyoosha meno yote na kuonya kwamba huo usiguswe.

Mafundi hawa hutengeneza pia meno bandia ya wazee, na humo hukutana na kazi ya mafundi wa kale. Waluo walikuwa na nago: kijana aling'olewa meno sita ya mbele ya chini, desturi iliyofifia pamoja na misheni na shule. Meno ya juu yaliyokosa wenzao hushuka na kutokeza nje, taratibu, miaka na miaka. Hapo fundi wa leo hutafuta nafasi ya meno sita mapya mahali ambapo mwili ulikwisha kupanga mambo yake.

Tukimrudia mtoto, meno yake yakishanyooka, nyuzi za ufizi huyavuta yarudi, hivyo hupewa bamba la pili, lisilosukuma chochote, la kuvaa mchana na usiku kwa miezi ya mwanzo. Hulivua ili atafune muwa wa Muhoroni, hulifunga kwenye karatasi, na karatasi hutupwa. Fundi huishusha rafuni plasta ileile, akakata waya mwingine, na bei huiongeza kidogo.