Karabai, Sola na Wajibu wa Mfasiri

Katika kuhakiki istilahi za vyombo vipya tumezoea kuuliza kama neno ni la asili au ni la kukopa. Swali hilo halitoshi. Yafaa tuulize kwanza: je, neno hilo lamwezesha mtumiaji kukipambanua kitu kimoja na kingine?

Tuchukue mfano wa uvuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na mwanga wa taa. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Jina hilo latokana na kabaidi, kemikali ambayo ikitiwa maji hutoa gesi ya kuwaka. Baadaye ikaja taa ya pampu itumiayo mafuta ya taa. Kabaidi haikuwamo tena, lakini jina lilibaki. Hitilafu hiyo haikumdhuru mtu, kwani aliyetaja karabai alieleweka. Neno umeme nalo lilitoka mawinguni likaingia katika nyaya, na uhamisho huo una haki kisayansi, maana asili ya mambo hayo mawili ni moja.

Hali ya neno sola ni tofauti. Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Neno hilo moja limebebeshwa paneli inayopokea mwanga, betri inayohifadhi, taa yenyewe na hata umeme. Mtu akisema "sola imekufa", fundi hajui kilichokufa ni kipi. Na mwenye mtumbwi aweza kununua paneli mpya, hali iliyochoka ni betri.

Kasoro iliyo kubwa zaidi ni yetu sisi wafasiri. Katika maelezo ya vifaa hivi huandikwa "nguvu" penye wati na penye wati-saa pia. Wati hupima kasi ya kutumia nishati. Wati-saa hupima wingi wake. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 8 hutumia wati-saa 40. Mvuvi aliyechukua betri ya wati-saa 20, akiamini kwamba "nguvu 20" yaishinda "nguvu 5", atabaki gizani baada ya saa 4, naye yu katikati ya ziwa.

Jambo hili lawahusu pia watumishi wa Buswelu, makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, wanaoandikia wananchi matangazo, na walimu wa hapo. Katika shule za msingi za Serikali sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, na katika sekondari kwa Kiingereza. Mtoto asiyeipata tofauti ya nguvu na nishati kwa lugha anayoielewa, huko mbele ataikariri tu.

Wako watakaosema kwamba neno la watu halifutwi. Ni kweli, wala hapana haja ya kulifuta. Sola na ibaki kuwa kivumishi: paneli ya sola, betri ya sola, taa ya sola, na kinachozalishwa kiitwe umeme wa jua. Nguvu iwe ya wati, nishati iwe ya wati-saa, bila kuchanganya.

Aidha, kabla orodha ya istilahi haijasanifiwa, na isomwe mbele ya fundi na mvuvi mwaloni. Wakishindwa kuagiza kifaa kwa maneno yetu, basi kazi yetu haijakwisha.