Kitabu cha Mpasuaji wa Kiingereza na Amana ya Ulimi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, mara nyingi tunasikia katika mihadhara kuwa upasuaji wote wa Ulaya uliibwa kwa Waislamu. Ili kuipima kauli hiyo tumekisoma kitabu cha John Arderne, mpasuaji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1307, akafanya kazi katika mji wa Newark kuanzia 1349 hadi 1370, kisha akahamia London. Risala yake juu ya fistula ya njia ya haja kubwa aliiandika kwa Kilatini mwaka 1376. Waandishi wakainakili kwa mkono, kisha ikafasiriwa kwa Kiingereza cha zama zile. Mwaka 1910 D'Arcy Power, naye mpasuaji, aliichapisha tafsiri hiyo.

Tuanze na mazuri yake. Maradhi hayo ni tundu linalotoa usaha kando ya njia ya haja, na matabibu wengi wa zama zile waliogopa kuyagusa. Arderne anaeleza hatua kwa hatua: namna ya kupitisha chombo chembamba ndani ya tundu, kufunga uzi, kukata nyama, kuzuia damu, na kulitibu jeraha kwa dawa za upole badala ya zile zinazounguza. Zana zake zimechorwa pamoja na maandishi, na wagonjwa aliowaponya anawataja kwa majina. Anamwusia mpasuaji awe msafi wa mikono, asiwe mlevi, na asiwakodolee macho wanawake wa nyumba anayoingia. Haya ni maneno ambayo tabibu Mwislamu hawezi kuyakataa.

Ama deni la watu hawa kwa Waislamu, hilo lipo na lina ushahidi. Az-Zahrawi wa Qurtuba, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika At-Tasrif katika sehemu 30, na ya mwisho ikawa ya upasuaji pamoja na picha za zana. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu hiyo kwa Kilatini huko Toledo. Guy de Chauliac, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1363 huko Avignon, anamtaja Az-Zahrawi kwa jina mara nyingi, na kitabu hicho nacho kikafasiriwa kwa Kiingereza. Hata mshairi Chaucer, aliyeishi zama za Arderne, alipomsifu tabibu kwa elimu yake aliwataja Ar-Razi, Ibn Sina na Ibn Rushd miongoni mwa waalimu wake.

Lakini isnadi ya elimu kwa jumla si isnadi ya kila ukurasa. Mwenye kusema kuwa Arderne alinakili zana zake kwa Az-Zahrawi kwa sababu tu picha zinafanana, huyo hajaleta dalili. Mengi katika risala hii ni tajiriba ya mkono wake mwenyewe. Na katika maandishi yake imo pia hirizi ya kutibu mkakamao wa misuli. Je, hiyo nayo tutaidai kuwa ni yetu?

Sasa tuje kwenye kosa lake. Kwa mtu mkubwa anataka paundi 40, pamoja na mavazi na shilingi 100 kila mwaka maisha yote ya mgonjwa, na anaonya asipokewe mtu kwa chini ya shilingi 100. Ujira wa tiba ni halali. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha sahaba aliyesoma ruqya akapewa kundi la kondoo, na Mtume (s.a.w.) akakubali. Ila kiwango hiki kinamfungia mlango maskini.

Zito zaidi ni hili: anafundisha kuwa mgonjwa aambiwe muda wa kupona ulio mara mbili ya ule unaokadiriwa. Udhuru wake ni kuwa heri muda uzidi kuliko matibabu. Hiyo ni tahadhari, na tahadhari haina ubaya. Lakini mgonjwa akipona katika nusu ya muda na akauliza sababu, ajibiwe kuwa moyo wake ulikuwa shujaa na nyama yake nyepesi kupona. Hapo tahadhari imegeuka ghishi, kwani mgonjwa amemwamini tabibu mwili wake, naye anafichwa ukweli.

Nasi tujihesabu. Khatibu anayeikuza sehemu ya Waislamu mara mbili ili wasikilizaji wafurahi, ana tofauti gani na mpasuaji huyu? Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Sehemu yetu iliyothibiti ni kubwa na yatosha, na anayeizidisha humpa mpinzani sababu ya kuikanusha yote. Wanafunzi wetu wasomeshwe At-Tasrif yenyewe, na hati za Waingereza nazo zisomwe, kisha kila mmoja apewe haki yake.

Wallahu a'lam.