Taharuki, Siri ya Ndoa na Msomaji Mshirika katika Rebecca ya Daphne du Maurier

Makala hii inahusu riwaya yenye umri wa zaidi ya miaka 80 ambayo bado inasomwa kwa hamu: Rebecca ya Daphne du Maurier, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1938. Wahakiki wengi wameieleza kuwa riwaya ya wivu, na mwandishi mwenyewe alielekea huko. Sisi tunauona wivu huo kuwa chambo. Taharuki ya riwaya inamvuta msomaji kidogo kidogo hadi anajikuta akimwombea muuaji asigunduliwe. Tunataka kuonyesha jinsi jambo hilo linavyotendeka, na nani anayelipia gharama yake.

Kisa chenyewe ni rahisi kusimulika. Msichana fukara, mwandani wa kulipwa wa bibi mmoja tajiri huko Monte Carlo, anaolewa na Maxim de Winter, mgane mwenye jumba la Manderley. Humo anakuta kila kitu kingali mali ya mke wa kwanza, Rebecca, anayesemekana kufa maji. Bi. Danvers, msimamizi wa nyumba, hamruhusu mtu kumsahau. Kwa zaidi ya nusu ya riwaya tunaamini, pamoja na msimulizi, kwamba Maxim anamlilia marehemu. Kisha mashua iliyozama inapatikana, na maiti imo ndani. Maxim anamfunulia mkewe siri: hakumpenda Rebecca hata kidogo, alimpiga risasi, akaizamisha mashua, na baadaye akautambua mwili wa mwanamke mwingine kuwa ndio wa mkewe.

Hapa pana haja ya kutua. Mke kijana anaelezwa na mumewe kwamba ameua, na neno linalomwingia moyoni ni lile la kutompenda Rebecca. Anafarijika. La kushangaza zaidi ni kwamba msomaji naye anafarijika. Sababu iko katika usimulizi wa nafsi ya kwanza. Tumefungiwa ndani ya unyonge wa msichana huyu sura baada ya sura. Swali lake, kama mume bado anampenda yule mwingine, limekuwa swali letu. Jibu linapofika linafika limeviringishwa pamoja na maiti, nasi tunapokea furushi zima bila kulifungua. Tangu hapo taharuki inageuka. Mwanzo tulitaka siri ifichuke. Sasa tunaogopa isije ikafichuka. Na hofu hiyo haitokani na kutojua mwisho, kwa kuwa sura za mwanzo zimekwisha kutuonyesha wanandoa hao wakiishi pamoja ugenini, katika hoteli, Manderley ikiwa imepotea.

Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na hadithi za Bwana Msa ataihisi tofauti mara moja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), mpelelezi yupo ili yaliyofichika yatoke hadharani. Katika Rebecca wenye mamlaka wapo, na bado ukweli unazikwa. Uchunguzi wa kifo unaamua kwamba Rebecca alijiua. Daktari wa London anaeleza kwamba alikuwa na maradhi yasiyotibika, basi sababu ya kujiua imepatikana. Kanali Julyan, hakimu wa eneo lile, anaelekea kuujua ukweli, lakini ananyamaza. Ben, maskini mwenye akili pungufu aliyeona mambo usiku ule, anaogopa kupelekwa katika nyumba ya wendawazimu, naye hasemi kitu. Laiti mshtakiwa angekuwa mvuvi wa Kerrith, mji ulio jirani, sidhani kama wangenyamaza hivyo. Siri ya ndoa hii inalindwa na tabaka zima.

Filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1940 inatoa ushahidi wa pembeni. Kanuni za Hollywood za wakati ule hazikumruhusu mume aliyemuua mkewe kuachwa bila adhabu. Kwa hiyo katika filamu Rebecca anaanguka mwenyewe na kufa. Wadhibiti wa filamu, ambao kwa kawaida hatuwasifu, waliliona jambo ambalo mamilioni ya wasomaji walikuwa wamelisamehe.

Suala la jina nalo linahitaji uangalifu. Msimulizi hatajwi jina lake popote. Kwetu jambo hilo laweza kupita bila kugutusha, maana mwanamke kuitwa Mama Fulani ni heshima. Lakini Mama Fulani ni jina ambalo mtu amelipata mwenyewe kwa kuzaa. ‘Bi. de Winter’ ni jina lililokwisha kukaliwa. Simu inapolia na mtu kumuulizia Bi. de Winter, bibi arusi huyu anajibu kwamba huyo amekufa tangu zaidi ya mwaka. Dhana yetu ya ukewenza inasaidia kuufahamu mkao huo kuliko neno wivu, ila mwenzake hapa hawezi kuzungumza. Yote tunayoyajua juu ya Rebecca yanatoka vinywani mwa wengine, na shtaka zito kuliko yote linatoka kinywani mwa aliyemuua. Ni kweli kwamba Favell, binamu yake na mpenzi wake, anauthibitisha uzinzi, na Ben anakumbuka vitisho vyake. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hayo ambalo malipo yake ni risasi. Tena alimchokoza Maxim kwa uongo, akidai ana mimba ya mwanamume mwingine ilhali hakuweza kuzaa. Riwaya inautumia uongo huo kumfanya marehemu aonekane amekipanga kifo chake mwenyewe. Ndiyo hila ya ndani kabisa ya kitabu: mdanganyifu mkuu anabaki kuwa mwanamke aliyekufa, na mume aliyeidanganya mahakama anabaki kuwa mwathirika.

Manderley inapoteketea mwishoni, hatuambiwi waziwazi ni nani aliyeiwasha, ingawa Bi. Danvers ametoweka. Wasomaji humchukia sana mtumishi huyu, na ana ukatili wa kutosha kustahili chuki hiyo; karibu amshawishi bibi arusi ajirushe dirishani. Lakini katika jumba lote lile hakuna mwingine anayemlilia Rebecca kwa dhati.