Nyota Moja Juu ya Kariakoo

Kazi ngumu ya darubini ya kupigia picha nyota ni kuikazia macho nyota moja wakati dunia inazunguka. Mbingu husogea digrii 15 kwa saa, na picha moja hutaka kamera ibaki wazi dakika kadhaa. Gia za kiweko kinachobeba darubini haziwezi zenyewe. Ndipo hufungwa kamera ndogo ya pili, na programu kama PHD2 ikairudisha darubini kila nyota inapoteleza. Kabla ya hapo programu lazima ijue: nikiisukuma injini hii, nyota itakwenda upande gani, umbali gani? Upimaji huo ndio kalibresheni, na ukiharibika, usiku wote umekwenda bure.

Nawaheshimu sana wanaojua kuutafuta ubovu wake. Juu ya paa la zege Kariakoo kasoro hutoka popote: kebo iliyolegea, upepo wa kaskazi, nyayo za anayepita, jenereta la duka la chini. Asiye fundi hubadilisha vyote kwa mpigo. Fundi hugusa kimoja, akapima, ndipo aguse kingine, kama mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey wanavyopima kwanza tundu la chaji kwa mita.

Tazama mhimili wa kaskazini na kusini. Programu inatoa msukumo wa kwanza, nyota imetulia. Wa pili, imetulia. Wa tatu, mara inaondoka. Mwenye haraka ameshasema kebo imekatika! Kumbe meno ya gia yana nafasi, na misukumo ya mwanzo imeishia kuiziba. Dawa yake ni kusukuma kaskazini hadi nyota iondoke, ndipo hesabu ianze. Ikigoma pande zote nne, hapo kagua waya.

Dar es Salaam inatupa mtihani wa ziada. Tuko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, hivyo ncha ya kusini ya mbingu, ambako mhimili wa kiweko lazima uelekee, imeinuka digrii 7 tu, nyuma ya maghorofa na vumbi. Nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno kwa macho yaliyozoea taa za jiji. Basi kiweko hulengwa kwa kuangalia nyota nyingine inavyopotoka polepole, kugeuza skrubu kidogo, kuangalia tena. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi unapoonekana hasa.

Ila kuna tulichojaliwa. Kalibresheni hupenda nyota zilizo karibu na ikweta ya mbingu. Ukiifanyia kwenye Msalaba wa Kusini, mwendo wa mashariki na magharibi huonekana karibu nusu tu, na vipimo huyumba. Kwetu ikweta hiyo hupita karibu na utosi, ambako mwanga hupenya tabaka jembamba zaidi la hewa na hakuna ghorofa la kuuziba.

Mapema Februari, kama saa tatu usiku, Mintaka, nyota ya kaskazini kabisa katika mkanda wa Orioni, huwa hapo juu, karibu kabisa na ikweta ya mbingu. Wewe mwenye darubini na paa, anzia kwake kabla hujanunua kebo nyingine.