Nani Hulipa? Kisasi, Uzalendo na Nafsi "Sisi" katika Lugha ya Baada ya Shambulio

1.0 Utangulizi

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya. Siku chache baadaye ndege za kivita za Kenya zilishambulia kambi za al-Shabaab katika eneo la Gedo, Somalia. Katika siku hizo ilisikika miito miwili iliyokwisha kuzoeleka tangu shambulio la Westgate la tarehe 21 Septemba 2013: wito wa kulipiza kisasi na wito wa uzalendo. Makala haya yanaihoji miito hiyo kwa kuchunguza maneno matatu yanayoibeba, yaani kisasi, uzalendo na nafsi sisi. Hoja yetu ni kwamba maneno hayo huamrisha malipo bila kumtaja mlipaji, na hudai umoja bila kueleza nani yumo ndani yake. Kuihoji miito hii si kumtetea muuaji, wala si kuwanyima wafiwa haki ya kughadhabika. Ni kuuliza ghadhabu hiyo humwangukia nani.

2.0 Kisasi: deni na mdaiwa wake

Neno kisasi limetokana na neno la Kiarabu qisas, ambalo katika sheria ya Kiislamu lina masharti: adhabu imwelekee mtendaji mwenyewe, isizidi kosa, na warithi wa aliyeuawa wawe na nafasi ya kusamehe au kupokea dia. Kwa asili yake, basi, ni neno linaloiwekea ghadhabu mipaka. Katika matumizi ya leo mipaka hiyo imefifia. Kitenzi kinachoandamana nalo, kulipiza, kimenyambuliwa kutoka lipa kwa kiambishi cha usababishi. Anayelipiza humfanya mwingine alipe. Muundo wenyewe unadai kuwepo kwa mdaiwa. Pale ambapo washambuliaji wamekufa, kama walivyokufa wale wanne wa Garissa, mdaiwa huyo hayupo tena, na deni hutafutiwa mtu mwingine wa kulilipa.

Aprili 2014 ilikwisha kuonyesha ni nani hupatikana. Kufuatia milipuko katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, polisi waliendesha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, hasa wenye asili ya Kisomali, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Jina la operesheni lilitaja usalama. Halikusema usalama wa nani.

Yaweza kudaiwa kwamba dhamana ya pamoja imo katika hekima ya Kiswahili chenyewe, kwa kuwa wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, na tena mchuma janga hula na wa kwao. Usomaji huo hauzingatii methali huelekezwa kwa nani. Methali ya pili humwonya mtenda kosa awafikirie jamaa zake kabla ya kutenda. Haimpi aliyekosewa ruhusa ya kuwaadhibu jamaa hao. Anayeitumia kuhalalisha msako wa mtaa mzima amegeuza onyo kuwa hukumu.

Kwa msomaji wa Ring'wani au Sirari, mkoani Mara, mantiki hii si ngeni. Katika Tarime na maeneo jirani wizi wa mifugo umewahi kuzaa mapigano ambamo kosa la wezi wachache lilidaiwa kwa ukoo mzima. Aliyechomewa nyumba si lazima awe ndiye aliyeswaga ng'ombe. Kilichobadilika katika kisasi cha dola ni ukubwa wa zana. Swali la nani alipe limebaki lile lile.

3.0 Uzalendo: maana mbili zisizogawiwa sawa

Mzalendo ni mwenyeji wa nchi kwa kuzaliwa. Mzalendo pia ni mtu aipendaye nchi yake kiasi cha kuwa tayari kuifia. Wakati wa amani maana hizi hukaa pamoja bila mgogoro. Baada ya shambulio hutenganishwa. Mkenya wa asili ya Kisomali aliyezaliwa Garissa au Eastleigh anayo maana ya kwanza, lakini hutakiwa kuithibitisha ya pili: kwa kitambulisho, kwa kulaani hadharani, kwa kuwataja majirani. Mwenzake wa asili nyingine huhesabiwa kuwa nayo bila kuulizwa.

Garissa yenyewe inaivuruga picha hiyo. Mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na miongoni mwa waliotiwa hatiani mwaka 2019 alikuwamo raia wa Tanzania. Pasipoti na ukoo havikutosha kumtambulisha adui.

Uzalendo hutumika pia kunyamazisha. Kuuliza kwa nini kikosi maalumu cha polisi kilichukua saa nyingi kufika Garissa kulikuwa kuuliza kwa niaba ya wanafunzi waliokuwa wakisubiri kuokolewa. Vivyo hivyo, Februari 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014, kikiwamo kile kilichoweka kikomo cha idadi ya wakimbizi. Waliokwenda kuipinga sheria hiyo mahakamani walistahili jina la wazalendo sawasawa na waliovaa sare.

4.0 Sisi: nani yumo?

Kiswahili hakitofautishi kwa umbo sisi inayomjumuisha msikilizaji na sisi inayomtenga. Utata huo huifaa siasa. Baada ya Westgate kaulimbiu ya umoja ilienea nchini. Haikupita miezi saba, baadhi ya waliodhani wamo wakajikuta Kasarani.

Mfano wa kinyume ulitoka Mandera. Novemba 2014 abiria 28 wasiokuwa Waislamu walitengwa na kuuawa huko. Tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio wajisitiri. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Filamu fupi iliyotokana na tukio hilo, iliyoongozwa na Katja Benrath na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, iliitwa Watu Wote (2017). Jina hilo lina uzito: halisemi Wakenya wote wala wananchi wote. Linavuka uzalendo na kufika kwenye utu.

Hata hivyo, upokezi wa filamu hii una hatari yake. Ujasiri wa abiria wale ukisomwa kama ushahidi kwamba Waislamu nao ni raia wema, unageuka cheti kingine cha uzalendo, kana kwamba Mwislamu huaminiwa baada tu ya kufa kwa ajili ya jirani yake. Abiria hawakuwa wakitahiniwa.

5.0 Hitimisho

Kiswahili kina neno jingine: haki. Kesi ya Garissa ilipoamuliwa Nairobi mwaka 2019, washtakiwa watatu walitiwa hatiani na mmoja akaachiwa huru. Huyo aliyeachiwa ndiye kipimo cha tofauti tunayoizungumzia. Lugha ya mahakama ina nafasi ya kusema "si huyu". Lugha ya kisasi haina. Uhakiki wa hotuba, nyimbo na filamu zinazozaliwa baada ya mashambulio unapaswa kuanza na swali hilo la kisarufi: kitenzi kinapoamrisha malipo, ni nani hasa anayelipa?