Sensa, Kihisishi au Kihisi? Uhakiki wa Istilahi za Gereji

Istilahi si pambo la lugha. Neno likipotoka, kazi inayolitegemea hupotoka pia. Jambo hili watafsiri wa sheria na walimu wa sayansi wanalifahamu vema. Makala haya yanakusudia kulionyesha katika gereji, mahali ambapo watu wa lugha hufika kwa nadra, na aghalabu hufika kwa kuwa gari limewaharibikia.

Ndivyo alivyofika mwandishi katika gereji moja ya Temeke. Gari lake, la mwaka 2001, lilikuwa likila petroli kupita kiasi, na taa ya injini ilikuwa ikiwaka. Fundi aliunganisha mashine ya kusomea hitilafu, na kioo kikaonyesha namba P0171 pamoja na sentensi fupi ya Kiingereza. "Kaka, sensa ya oksijeni imekufa," alitafsiri. Sensa mpya ikanunuliwa na kufungwa. Baada ya siku mbili taa ikawaka tena. Fundi wa pili, huko Kinondoni, alikuta ufa katika bomba la ekzosi, kati ya injini na sensa. Ufa ukachomelewa, na ugonjwa ukaisha.

Kosa la fundi wa kwanza lilikuwa la tafsiri kabla ya kuwa la ufundi. Sentensi ile haikuitaja sensa hata mara moja. Ilisema kwamba mchanganyiko wa safu ya kwanza ya silinda una petroli pungufu mno. Hiyo ni dalili, na dalili hiyo huweza kuletwa na hewa inayopenya mahali pasipostahili, na pampu dhaifu ya petroli, au na ufa wa ekzosi. Hata namba P0130, ambayo kweli huitaja sensa, husema kwamba hitilafu imo katika saketi yake. Na saketi ni pamoja na nyaya na viungio. Mtafsiri anayeliacha neno "saketi" amemtia mwenye gari hasarani.

Kifaa chenyewe kilianza kutumika mwaka 1976 katika magari ya Volvo, kikitengenezwa na kampuni ya Bosch. Hufungwa katika bomba la ekzosi. Hakileti oksijeni wala hakisafishi moshi. Kazi yake ni kuarifu. Injini ya petroli huhitaji takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Oksijeni ikizidi katika moshi, kifaa cha aina ya zamani hutoa umeme wa karibu volti 0.1, ikipungua, karibu volti 0.9. Kikiwa kizima na chenye joto la kutosha, vipimo hupanda na kushuka mfululizo. Basi hewa ilipopenya kwa ufa, kifaa kiliarifu kwamba oksijeni ni nyingi; kompyuta ya gari ikadhani petroli ni chache, ikaongeza. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sisi tulimng'oa mjumbe tukamtupa.

Sasa tuyapime majina. "Sensa" hulaumiwa kwa kuwa ndilo jina la hesabu ya watu, kama ile ya mwaka 2022. Lawama hii ni nyepesi: hakuna atakayedhani kwamba karani wa sensa amejificha ndani ya ekzosi. Upungufu wake ni kwamba halimwambii msikiaji kifaa kinafanya nini, na kwa hiyo "sensa ya oksijeni" hudhaniwa kuwa kifaa cha kutia oksijeni. "Kihisishi" halifai zaidi. Limekwisha kuchukuliwa na wanasarufi kwa maneno kama "lo!" na "ah!"; aidha, kiambishi cha kusababisha kilichomo hugeuza maana, likawa jina la kitu kinachomfanya mwingine ahisi. Wapo watakaopendekeza "kipimaoksijeni". Lakini kifaa hiki cha magari ya zamani hakitoi kipimo kamili. Huarifu zaidi kwamba oksijeni imezidi au imepungua. Kwa maoni yetu, "kihisi" ndilo jina linalostahili: limeundwa kwa kanuni za Kiswahili chenyewe, ni fupi, na limekwisha kuonekana katika maandishi ya teknolojia.

Hatumlaumu fundi anayesema "sensa". Neno lilimfikia pamoja na spea. Wala si lazima kila neno la gari liwe la kuazima: usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa motokaa. Tunapendekeza haya. Kwanza, vitabu na mafunzo yatumie "kihisi oksijeni cha ekzosi", ili jina litaje kazi na mahali pake. Pili, maneno ya mashine yatafsiriwe kwa ukamilifu, dalili ibaki dalili. Na neno la safu ya silinda lisiandikwe "benki", kana kwamba injini huweka akiba. Tatu, walimu wa ufundi, kama wale wa VETA Chang'ombe, washirikishwe kabla istilahi hazijasanifishwa, kwani wao ndio watakaozitumia mbele ya injini.

Istilahi hupimwa na mtumiaji. Endapo jina litamfanya fundi achukue mita ya volti kabla ya kumpeleka mteja dukani, litakuwa limetimiza wajibu wake. Wasomaji wenye maoni tofauti wanaombwa kuyaleta, tuyajadili.