Juu ya Vitabu vya Watoto vya Zamani

Watu waliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 na 1980 wana desturi moja wakutanapo. Iwe ni mnadani, au nje ya kanisa baada ya ibada, au katika arusi, mmoja akilitaja tu jina la Bulicheka, wengine hudakia. Huyu atamtaja Kalumekenge, yule Manenge na Mandawa, mwingine Kibanga aliyempiga mkoloni, na mwingine sungura aliyezikataa ndizi baada ya kushindwa kuzifikia. Watu wazima wenye wajukuu watashindana kulitamka jina la Wagagagigikoko pasipo kukwama. Kisha mmoja wao atahema na kusema kwamba watoto wa siku hizi hawasomi, na vitabu vyao si vitabu. Wote watakubali, na mazungumzo yatarudi kwenye bei ya pamba.

Sisi twapenda kuyapima maneno hayo, kwa kuwa yana kweli ndani yake, na yana maneno ya kujipendeza pia. Alililiaye shamba la zamani asikumbuke lilikuwa na mimea gani, hatajua apande nini mvua ijapo.

Vitabu vyenyewe ni vile vya Tujifunze Lugha Yetu, vilivyosomwa mashuleni. Mtoto wa Bariadi, wa Newala na wa Kigoma walifungua ukurasa mmoja. Ndiyo maana Msukuma na Mmakonde wasiojuana, wakikaa kiti kimoja katika basi la kwenda Dar es Salaam, huweza kucheka pamoja kwa kutajiana jina moja tu. Hilo si jambo dogo, nasi hatulidharau. Lakini twajua pia jinsi vilivyosomwa. Mara nyingi kitabu kimoja kiliwekwa mbele ya watoto watatu au wanne. Mwalimu alisoma sentensi, darasa likaitikia kwa sauti moja. Na yule aliyeketi upande wa pili aliyaona maandishi kichwa chini miguu juu. Wengi waliijua hadithi kwa moyo kabla ya kuzijua herufi zake. Neno linaloimbwa hivyo mwaka mzima hukaa, liwe zuri liwe baya. Hata orodha ya bei za dukani ingekaa. Basi kule kukumbuka si ushahidi wa kutosha kwamba vitabu vilikuwa bora, wala si ushahidi kwamba waliokumbuka walikuwa wasomaji. Na tuulizane kwa upole: baada ya Bulicheka tulisoma nini? Walio wengi hawakusoma kingine, maana hakikuwapo.

Tena kila kizazi kina maombolezo yake. Kabla ya hao walikuwapo wazee waliosikitika kwamba vijana hawajui tena Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu kilichotiwa katika Kiswahili mwaka 1929, wala Elisi katika Nchi ya Ajabu cha mwaka 1940, wala gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923. Nao walikuwa wakweli katika huzuni yao, ijapokuwa waliobahatika kuvishika vitabu hivyo katika nchi ya Maswa na Bariadi walikuwa wachache sana.

Hata hivyo haki itendeke. Yako mambo katika vitabu vile yaliyo mazuri kwelikweli, na twamchagua Kalumekenge awe mfano. Mtoto akataa kwenda shule. Fimbo yaombwa imchape, nayo yakataa. Moto waombwa uichome fimbo, nao wakataa. Maji nayo vivyo hivyo. Na kadhalika, mpaka kitanzi chote kifunguke kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ufundi huu ni wa kale. Askofu Edward Steere, wa Misheni ya Unguja, alipochapisha hadithi za Waswahili huko London mwaka 1870, aliweka humo hadithi ya Goso mwalimu, aliyekuwa akifundisha watoto chini ya mti. Paa akapanda kuiba matunda, tunda likaanguka likampiga mwalimu, akafa. Wanafunzi wakatoka kumtafuta mwuaji: wakaupiga upepo wa kusi, upepo ukasema kama ungekuwa na nguvu ukuta usingeuzuia, wakaupiga ukuta, ukuta ukamtaja panya, panya akamtaja paka, na vivyo hivyo hadi wakamfikia paa mwenyewe, ambaye hakuwa na neno la kujibu.

Msomaji ataona undugu wa hadithi hizi mbili. Maneno yale yale hurudi, kila mara yakiongezwa neno moja jipya. Mtoto anayejifunza kusoma apata kupumzika katika maneno aliyokwisha kuyajua, kisha akutana na lile jipya akiwa na nguvu. Hakuna mwalimu aliyebuni njia bora kuliko hii ya kufundisha herufi, nayo ilibuniwa na mabibi wasiojua herufi. Lakini liko jambo jingine tunalolipenda zaidi. Katika Goso mwalimu auawa na tunda, na watoto wa Unguja wakacheka. Katika Kalumekenge mtoto aikataa shule, na watoto wa Tanganyika nzima wakacheka, nao wamo shuleni, fimbo iko mezani. Kitabu cha shule kilichomruhusu mtoto kuicheka shule kilimheshimu mtoto yule. Twatazama vitabu vingi vya sasa, vyenye picha za rangi nzuri, na ndani yake Juma ananawa mikono, Asha anapanda mti, Juma na Asha wanamsaidia bibi kuteka maji. Hakuna mtoto hata mmoja anayekataa kitu. Tabia njema imeenea humo kama maji ya mafuriko, na hadithi imezama.

Kibanga ni mwingine. Twaelewa kwa nini aliandikwa; nchi ilipata uhuru mwaka 1961, na ilifaa watoto wajue kwamba baba zao hawakuinama wote. Lakini kama hadithi twamwona mwembamba. Mwonevu apigwa, wanyonge wafurahi, mambo yakaisha. Ili kuona upungufu huo hatuna haja ya kwenda mbali. Yatosha kuketi na wazee wa hapa hapa.

Usukumani mtoto hakungoja kitabu ili apate hadithi. Palikuwa na moto wa jioni, shikome, walipoketi wanaume na wavulana, na palikuwa na jiko la bibi. Hadithi iliyojulikana kupita zote ni ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika makapi. Akazaa mtoto mwanamume, naye alipopata akili akamwuliza mama yake watu wengine wako wapi. Alipoambiwa, akatoka kulitafuta zimwi. Akaua mdudu mdogo, akamletea mama yake na kuuliza, Je, ndilo hili? Akaambiwa, Silo. Akaua ndege, akaua mnyama, kila mara mkubwa kuliko wa kwanza, na jibu likawa lile lile. (Tazama, hata hapa limo lile tendo la kurudia linalompendeza mtoto.) Mwisho akalipata, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima. Lakini katika kupasua, kisu kilimkata kikongwe mmoja sikio. Wote wakashangilia, ila kikongwe yule hakushangilia. Alikasirika, akakusudia kulipiza kisasi kwa yule yule aliyemtoa gizani.

Sikio hili ndilo linaloifanya hadithi kuwa kubwa. Mtoto aliyeketi motoni alijifunza kwamba mtu aweza kutenda jema kubwa na humo humo akamwumiza asiyestahili. Kwamba aliyeokolewa ana haki ya kulia. Na kwamba kazi ya shujaa haimaliziki siku ya ushindi. Wako wahubiri waliomfananisha Masala Kulangwa na Mwokozi wetu, na mfano una nguvu kwa sababu zimwi humeza wote bila kuchagua. Sisi twaona kwamba wasikilizaji wa jioni walimpenda zaidi kwa vile alivyokuwa mtu, mwenye kisu kilichoteleza. Katika Kibanga hakuna sikio lililokatwa, na ndiyo sababu mtoto humshangilia mara moja asimfikirie tena.

Sasa, juu ya kupungua kwa kusoma. Wengi huilaumu simu. Hatukubali upesi hivyo, maana usomaji wa vijijini kwetu ulikuwa mgonjwa kabla simu haijafika Bariadi. Mwaka 1968 ilianzishwa huko Mwanza, kwa msaada wa UNESCO, kazi ya kuwafundisha watu wazima wa mikoa ya Ziwa kusoma kwa njia ya shughuli zao wenyewe. Wakulima walisoma habari za pamba, wavuvi habari za samaki. Nchi hii yetu, iliyokuwa wakati ule sehemu ya Mkoa wa Shinyanga (Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012), ilikuwamo. Mwaka 1974 likaanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua herufi wapate la kusoma. Hesabu ya serikali ya mwaka 1986 ilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma wamebaki chini ya mmoja katika kumi. Ni kazi ya kustaajabisha, na waliofundisha usiku kwa taa ya mafuta wanastahili sifa. Lakini miaka ile ile ya 1980 ilikuwa ya dhiki: karatasi adimu, mafuta ya magari adimu, magazeti na vitabu havifiki. Mtu alifundishwa kula, kisha akanyimwa chakula. Baada ya miaka michache wengi waliweza kuandika jina lao tu katika karatasi ya ushirika, na hawakuweza zaidi.

Watoto wao ndio waliopimwa baadaye. Upimaji wa Uwezo wa mwaka 2010 ulikuta kwamba ni theluthi moja hivi tu ya watoto wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Serikali ilishtuka, na mwaka 2015 mafunzo ya madarasa mawili ya kwanza yakapunguzwa yabaki hasa kusoma, kuandika na kuhesabu. Hapo ilitenda vema. Hapa Simiyu tena zikaja kambi za kitaaluma, watoto wakakusanywa kujiandaa kwa mitihani, na mkoa ukapanda katika matokeo. Hatuzilaumu kambi, mzazi yupi hapendi mwanawe afaulu? Ila twaona kwamba mtoto aliyesoma kwa ajili ya mtihani tu hukiweka kitabu chini siku ya mwisho wa mtihani, kama mtu atuavyo mzigo wa pamba kwenye mzani.

Wala tusisahau lugha. Mtoto wa Nkololo au wa Mwandoya huingia darasa la kwanza akiwa na Kisukuma kinywani, na kitabu cha kwanza humwambia mambo kwa Kiswahili. Aweza kuyatamka maneno yote kwa sauti safi asijue yasema nini. Towashi wa Kushi alikuwa akisoma kwa sauti garini mwake, naye alikuwa mtu mkubwa mwenye elimu, hata hivyo alihitaji Filipo apande aketi karibu naye. Mtoto wa miaka saba ana Filipo gani? Katika nyumba nyingi za Wakristo vitabu ni viwili, Biblia na kitabu cha nyimbo, na daftari la madeni kama baba ana duka. Hivyo viwili vyatosha kuanzia, kama yuko wa kumsomea mtoto jioni na kumweleza kwa Kisukuma kile alichosikia. Mara nyingi hayuko. Baba aombolezaye Bulicheka mnadani hajamsimulia mwanawe habari za Bulicheka.

Kuhusu waandishi, twaukumbuka mfano wa jirani yetu. Mto Simiyu humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, na ng'ambo yake iko Ukerewe, alikoishi Aniceti Kitereza, mwanafunzi wa mapadre. Alimaliza kuandika kitabu chake kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ili desturi za wazee zisipotee. Hakupata wa kukichapa kwa lugha ya watu wachache namna ile. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1980. Naye akafa mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano kitabu kilingoja. Si kitabu cha watoto, lakini hutuonyesha kwamba mtu wa Ziwa aweza kuandika mambo ya nyumbani kwa ukamilifu, pamoja na ugomvi wa wakwe na pombe ya ndizi, pasipo kuyasafisha ili yampendeze mgeni.

Kazi hiyo kwa ajili ya watoto wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega ingali yangoja watu. Tangu mwaka 1991 uko Mradi wa Vitabu vya Watoto huko Dar es Salaam, uliosaidia waandishi na kupeleka vitabu mashuleni, na baadhi yake ni vizuri sana. Lakini mwandishi wa Dar es Salaam hawezi kujua jinsi ng'ombe wanavyofukuzwa na mvulana aliyelala usingizi kwenye shamba la pamba la jirani. Mwalimu wa hapa ajua. Vivyo hivyo yuko mwalimu anayemsikia mamaye akisimulia habari za Masala Kulangwa. Twamwomba aandike kurasa nane tu, kwa sentensi fupi, Kisukuma upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, awasomee watoto wake darasani kabla hajampelekea mchapaji. Na akifika pale watu wanapotoka tumboni wakishangilia, asiliruke lile sikio.